Halmashauri ya kaunti nchini Ireland: inavyoundwa, inavyochaguliwa na nani wa kumwendea

Ukiwa unaishi Ireland na umetimiza miaka 18, una kura ya halmashauri. Pasipoti yako iwe ya Kenya, ya Kongo au ya Oman, uwe na kibali cha kazi, cha masomo, au bado unasubiri ombi lako la hifadhi liamuliwe: kinachotazamwa ni kama makazi yako ya kawaida yako nchini. Haki hiyo haivuki kwenda kwenye uchaguzi wa bunge, ambao ni wa raia wa Ireland na Waingereza waishio huko, wala kwenye uchaguzi wa rais, ambao ni wa raia peke yao. Lakini halmashauri ndiyo inayoshughulika na barabara ya mtaani kwenu, nyumba za kupangisha za umma, maktaba, zimamoto, na ruhusa ya jirani kupandisha ghorofa mbele ya dirisha lako. Hata kugombea unaruhusiwa. Watu wengi wanakaa nchini miaka kumi bila kulijua hilo, na vyama vinavyobisha hodi milangoni vinawaruka.

Jua uko chini ya halmashauri ipi

Ireland ina halmashauri 31. Kati ya hizo 26 ni za kaunti, tatu ni za jiji (Dublin, Cork na Galway), na mbili, Limerick na Waterford, zimeunganisha jiji na kaunti. Kabla ya 2014 kulikuwa pia na mabaraza ya miji 80. Sheria ya mageuzi ya mwaka huo iliyafuta yote, na mahali pake zikawekwa wilaya za manispaa ndani ya kaunti, ambazo si mamlaka zinazojitegemea bali ni vikao vya madiwani wale wale wa kaunti. Kwa hiyo ukiambiwa "peleka kwa baraza la mji", huyo aliyekuambia amechelewa zaidi ya miaka kumi.

Madiwani wote nchini ni 949. Dublin Jijini wako 63, kaunti ya Cork 55, na kaunti ndogo kama Leitrim au Longford 18 kila moja. Kila kaunti hugawanywa katika maeneo ya uchaguzi, jumla 166. Hapa Mtanzania au Mkenya akae sawa: eneo moja halitoi diwani mmoja kama kata, hutoa kati ya watatu na saba kwa pamoja.

Chukua kaunti ya Laois, katikati ya nchi. Ina madiwani 19 katika maeneo matatu: Portlaoise viti saba, Borris-in-Ossory–Mountmellick sita, Graiguecullen–Portarlington sita. Mkazi wa Portlaoise ana madiwani saba wa kuwapigia simu, na mara nyingi ni wa vyama tofauti. Asipopata jibu kwa mmoja, amwendee mwingine. Na Portlaoise ina historia yake: mwaka 2007 Rotimi Adebari, mzaliwa wa Nigeria aliyefika nchini mwaka 2000 akiomba hifadhi, alichaguliwa meya wa mji huo, Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho Ireland.

Mikono miwili

Makosa mengi ya watu wanaoshughulika na halmashauri huanzia hapa. Madaraka yamegawanywa. Kuna yale ya madiwani, na kuna yale ya mtendaji mkuu, ambaye hadi 2014 aliitwa meneja wa kaunti.

Madiwani hupitisha bajeti ya mwaka, mpango wa maendeleo ya ardhi wa kaunti, sheria ndogo (za maegesho, mbwa, unywaji pombe hadharani), kiwango cha kodi ya majengo ya biashara, na mabadiliko ya kodi ya nyumba za makazi. Hupitisha pia kanuni za jumla za nani atangulie kupewa nyumba.

Mtendaji mkuu na watumishi wake hufanya yaliyobaki, nayo ni mengi: kumpa Fulani nyumba namba fulani, kutoa au kukataa kibali cha ujenzi, kuajiri, kusaini mikataba. Mtendaji hapigiwi kura. Hutafutwa kwa ushindani kupitia chombo cha taifa cha ajira za umma, kisha madiwani humthibitisha, na mkataba wake ni wa miaka saba. Mwenye uzoefu wa halmashauri za Tanzania ataona sura inayofanana, mwenyekiti upande huu na mkurugenzi upande ule, ila mkurugenzi huyu hateuliwi na rais. Mkenya naye asitafute gavana, hayupo. Limerick peke yake ndiyo iliyomchagua meya kwa kura ya wananchi wote, Juni 2024, baada ya kura ya maoni ya 2019 ambapo Cork na Waterford zilikataa wazo hilo.

Madiwani wana fimbo moja dhidi ya mtendaji: kifungu cha 140 cha sheria ya serikali za mitaa ya 2001, kinachowawezesha kumwagiza kwa azimio afanye jambo mahususi. Zamani kilitumika kulazimisha vibali vya ujenzi kwa watu wenye kujuana. Tangu 2014 kibali cha ujenzi kimeondolewa humo, na ilikuwa haki kiondolewe. Diwani anayekuahidi "nitakupatia kibali" au "nitakupatia nyumba" anakuahidi kisicho mkononi mwake. Anachoweza ni kuandika kwa maofisa, kuuliza faili limefika wapi, na kulipigia kelele jambo kikaoni.

Kuna pia mambo ambayo halmashauri haina kabisa. Shule, hospitali na polisi ni vya serikali kuu. Maji ya bomba na majitaka yako chini ya kampuni ya maji ya taifa, Uisce Éireann, tangu 2014. Leseni ya udereva ilihamishwa kwenye huduma ya taifa mwaka 2013, ingawa kodi ya gari bado hulipwa halmashauri. Takataka za nyumbani huzolewa na kampuni binafsi. Fedha nazo ni chache, kwa sababu kodi ya majengo ya makazi ilifutwa mwaka 1978 na halmashauri zikabaki zikitegemea ruzuku na kodi ya biashara. Kodi mpya ya nyumba ilirudi baadaye, lakini mkono wa serikali kuu kwenye mfuko haujaondoka.

Kujiandikisha

Uandikishaji sasa uko wazi mwaka mzima.

1. Ingia checktheregister.ie utafute jina lako kwanza. Usijiandikishe upya kama tayari umo. Ukiwa umehama, badilisha anwani.
2. Uwe na vitu vitatu: namba yako ya PPS (ya utambulisho wa huduma za umma), tarehe ya kuzaliwa na Eircode (msimbo wa posta) ya nyumba. Asiye na namba ya PPS hutumia fomu ya karatasi na kwenda kuthibitishwa utambulisho wake kituo cha Garda (polisi).
3. Jaza uraia wako kwa usahihi. Huo ndio unaoamua utaorodheshwa kwa chaguzi zipi. Raia wa nchi za nje ya Umoja wa Ulaya, asipokuwa Mwingereza, huwekewa herufi L kwenye daftari: za mitaa tu.
4. Fanya mapema. Daftari hufungwa takriban wiki mbili na nusu kabla ya kura. Kwa uchaguzi wa Juni 7, 2024, mwisho ulikuwa Mei 20.

Kosa linalojirudia ni la mtu aliyepata uraia wa Ireland kisha asibadilishe hali yake kwenye daftari. Siku ya uchaguzi wa bunge anafika na pasipoti mpya mkononi, jina bado lina L, na msimamizi hana namna ya kumsaidia. Kijana wa miaka 16 au 17 anaweza kujiandikisha mapema, jina lake likaanza kazi akifikisha 18.

Siku ya kura

Uchaguzi wa madiwani hufanyika kila baada ya miaka mitano, na katiba inalazimisha hivyo tangu 1999. Kwa kawaida huwa siku moja na uchaguzi wa Bunge la Ulaya. Wa mwisho ulikuwa Juni 7, 2024, vituo vikiwa wazi saa moja asubuhi hadi saa nne usiku.

Kadi ya kura inayokuja kwa posta si lazima, lakini kitambulisho unaweza kuombwa: pasipoti, leseni ya udereva, kadi ya kazini au ya chuo yenye picha. Ukitajiwa jina na kupewa karatasi, tazama ikigongwa muhuri rasmi mbele yako. Karatasi isiyo na alama hiyo haihesabiwi, na kosa la karani litakuwa limekula kura yako. Hapo ndipo pa kusema, kabla hujaingia kibandani.

Kwenye karatasi majina yamepangwa kwa alfabeti ya jina la ukoo, na picha na nembo ya chama. Andika tarakimu 1 kwa unayempenda kuliko wote, 2 kwa anayefuata, 3, na kuendelea kadiri upendavyo. Usiweke alama ya vema. Usiandike 1 mara mbili, karatasi nzima itakufa. Ukiruka namba, tuseme 1, 2, kisha 4, kura yako itafanya kazi hadi 2 na kusimama. Usiandike jina lako wala neno lolote.

Kuna mtego unaowanasa hata wenyeji. Ukipewa karatasi mbili, ya madiwani na ya Bunge la Ulaya, kila moja huanza upya na 1. Mwaka 2014 huko Listowel, kaunti ya Kerry, wapiga kura kadhaa waliendeleza hesabu: 1, 2 kwenye karatasi moja, kisha 3, 4, 5 kwenye ile nyingine. Maofisa walizikubali, kiti cha mwisho kikaamuliwa kwa kura mbili tu, na kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu. Mwaka 2015 mahakama hiyo ikasema: karatasi isiyo na chaguo la kwanza si kura. Zikahesabiwa upya.

Swali la kila mara ni kama kumpa mtu namba 2 kunamdhuru wa namba 1. Hakumdhuru. Chaguo la pili haliguswi mpaka la kwanza liwe limeshinda au limetolewa. Anayeandika 1 peke yake na kuondoka hamsaidii mtu wake kwa lolote. Amejinyima sauti katika viti vinavyobaki. Shuka chini hadi umwache bila namba yule tu usiyetaka kumwona kabisa.

Kura zinavyohesabiwa

Hesabu huanza asubuhi ya pili, kwa mikono. Serikali ilinunua mashine za elektroniki kwa mamilioni ya euro ili zitumike 2004, zikazuiwa kwa kukosa kuaminika, na 2012 zikauzwa kama vyuma chakavu. Hakuna anayezililia.

Masanduku yakifunguliwa, karatasi hukunjuliwa uso juu na kuhesabiwa idadi yake. Nyuma ya kizuizi, kifua kimeegemea chuma, wanasimama wapambe wa vyama na kalamu na ubao wa kuandikia, wakipiga mstari kwa kila 1 wanayoiona ikipita mkononi mwa karani. Kila sanduku linajulikana limetoka kijiji gani. Kabla ya saa sita mchana wanakuwa na makisio ya nani kashinda, na mara nyingi hawakosei, wakati tangazo rasmi la kwanza linaweza kuja usiku. Ukitaka kujua chama kinajua nini kuhusu mtaa wako, ni karatasi hizo za wapambe.

Baadaye karatasi zote huchanganywa na kupangwa kwa chaguo la kwanza. Kisha hukokotolewa kiwango cha kushinda: jumlisha moja kwenye idadi ya viti, gawanya kura halali kwa jumla hiyo, tupa sehemu iliyobaki, kisha ongeza moja. Eneo la viti saba lenye kura halali 9,600: 9,600 ÷ 8 = 1,200, ongeza 1, kiwango ni 1,201.

Tuseme Amina amepata 1,601. Ameshinda, na ziada yake ni 400. Karatasi zake zote 1,601 hupangwa upya kwa chaguo la pili. Zinatoka hivi: Brendan 800, Ciara 400, Declan 200, Eileen 60, na 141 hazina chaguo lolote linalofuata. Zinazoweza kuhamishwa ni 1,460, lakini zinazohama ni 400 tu, kwa uwiano: Brendan 219.18, Ciara 109.59, Declan 54.79, Eileen 16.44. Namba kamili zikijumlishwa ni 398. Kura mbili zilizopungua huenda kwa wenye sehemu kubwa zaidi, Declan na Ciara. Matokeo: 219, 110, 55, 16.

Zile karatasi 219 za Brendan hazichaguliwi kwa namna yoyote ya pekee, huchukuliwa juu ya fungu. Kwa kuwa zilichanganywa mwanzo, hukubaliwa kuwa ni sampuli. Ireland ya Kaskazini hufanya tofauti, kila karatasi huhamishwa kwa thamani ya sehemu. Njia ya kusini ni nyepesi kwa mikono ya watu, lakini ina chembe ya bahati ndani yake, na kwenye kiti kinachogombewa kwa kura tatu chembe hiyo si ndogo.

Kama hakuna ziada ya kugawa, wa mwisho hutolewa, na karatasi zake zote huhamia kwa chaguo linalofuata ambaye bado yumo. Duru huendelea hivyo hadi viti vijae. Mwishoni hutokea mtu akatangazwa mshindi bila kufikia 1,201, kwa sababu wagombea waliobaki ni sawa na viti vilivyobaki. Hilo ni halali. Mgombea anaweza kuomba hesabu irudiwe, na anayetaka kupinga matokeo hufungua shauri Mahakama ya Mzunguko ndani ya siku 28.

Ukitaka kugombea mwenyewe

Sharti ni miaka 18 na makazi ya kawaida nchini, uraia si lazima. Wanaozuiwa ni wabunge wa Dáil (bunge la chini), Seanad (seneti) na Ulaya, majaji, polisi, wanajeshi wa kudumu, sehemu ya watumishi wa halmashauri wenyewe, na anayetumikia kifungo cha zaidi ya miezi sita.

Anayesimamishwa na chama huleta hati ya chama. Mgombea huru huchagua: saini za watu 15 walioandikishwa katika eneo hilo, kila mmoja akiwa na tamko la kisheria lililoshuhudiwa, au amana ya euro 100. Hesabu za kawaida zinasema lipa euro 100. Hurudishwa ukishinda au ukivuka robo ya kiwango cha kushinda, yaani kura 301 kwa mfano wetu. Lakini mgeni asiyejulikana akikusanya saini 15 amepata pia watu 15 waliomtamkia mbele ya shahidi, na hao hawanunuliwi kwa euro 100. Dirisha la fomu ni wiki moja tu: mwaka 2024 lilifunguliwa Mei 11 saa nne asubuhi na kufungwa Mei 18 saa sita mchana. Anayefika saa sita na dakika tano anarudi nyumbani.

Fedha zina masharti makali. Mtu mmoja hawezi kukuchangia zaidi ya euro 1,000 kwa mwaka, na taslimu isizidi 200. Ukipokea mchango wa zaidi ya 100 lazima ufungue akaunti ya benki ya kisiasa. Matumizi yana ukomo kulingana na idadi ya watu wa eneo, na taarifa yake hupelekwa halmashauri ndani ya siku 90 hata kama umeshindwa. Kuwa mwangalifu na michango kutoka nyumbani Afrika Mashariki: fedha kutoka kwa mtu aliye nje ambaye si raia wa Ireland haziruhusiwi, hata kama ni mjomba wako.

Mabango husimamishwa siku 30 kabla ya kura na kuondolewa ndani ya siku saba baadaye. Kila moja liwe na jina na anwani ya mchapishaji. Lililosahaulika kwenye nguzo siku ya nane ni faini ya euro 150, moja kwa kila bango, na upepo wa Ireland huyapeleka mahali usipokumbuka.

Baada ya kura

Siku ya 14 tangu kupiga kura hufanyika mkutano wa kwanza, wa kumchagua mwenyekiti, Cathaoirleach kwa Kiayalandi, kwa mwaka mmoja. Siku 14 hizo ndizo za mapatano: vyama na madiwani huru hugawana kiti cha mwenyekiti na kamati kwa miaka mitano yote. Mwaka 2024 Fianna Fáil ilipata madiwani 248 na Fine Gael 245 nchi nzima, kwa hiyo mahali pengi mapatano yalizunguka wawili hao pamoja na madiwani huru.

Diwani akifa, akijiuzulu au akichaguliwa bungeni, hakuna uchaguzi mdogo. Chama chake hupendekeza mtu na madiwani humwingiza. Sheria ya 2003 ilipiga marufuku kuwa diwani na mbunge kwa wakati mmoja, ndiyo maana kila baada ya uchaguzi wa bunge sura mpya huonekana halmashauri bila kupigiwa kura. Ni njia ambayo wahamiaji kadhaa wameingilia. Mwenye kufanya kazi ya chama kwa bidii huwa karibu na mlango huo.

Vikao vya madiwani ni vya wazi. Ukiwa na muda wa kuhudhuria kimoja tu, acha kile cha kaunti nzima, nenda cha wilaya ya manispaa, kwani humo ndimo hupitishwa orodha ya kazi za barabara na mitaa kwa mwaka.

Ukiwa na shida

Taa ya barabarani imekufa, shimo limefunguka: ripoti kwa halmashauri na uombe namba ya kumbukumbu. Bila namba hiyo diwani hana cha kufuatilia. Zikipita wiki mbili au tatu kimya, mwandikie diwani wa eneo lako, mpe namba na tarehe, na muulize kama ataliwasilisha kama hoja kwenye kikao cha wilaya. Hoja hujibiwa kwa maandishi na ofisa. Ikiwa umetendewa isivyo haki na utaratibu wa malalamiko wa halmashauri umekwisha, Ombudsman, mchunguzi wa malalamiko dhidi ya vyombo vya umma, hupokea malalamiko bure ndani ya miezi 12.

Kwa ujenzi wa jirani, saa inakimbia. Maoni yako yafike ndani ya wiki tano tangu ombi kupokelewa, pamoja na euro 20, na utunze risiti ya kupokelewa, maana ndiyo tiketi yako. Uamuzi ukitoka una wiki nne za kukata rufaa kwa An Coimisiún Pleanála, tume ya taifa ya mipango ya ujenzi, na asiyetuma maoni mwanzoni kwa kawaida haruhusiwi kukata rufaa, hata ukuta uwe umeshaanza kumzibia jua.